Mshumaa Uliovuka Daraja

Porto, 27 Aprili 1997

Kwa Shangazi Herminia, malkia wa ngazi zote za Lyon,

Barua hii ikukute mzima, na ufagio wako uwe mzima pia. Sisi huku tunaendelea kudunda. Mama alikuja siku ya Pasaka kutoka Braga, yeye na yule mumewe, na ile keki yao ambayo mpaka leo tunaitumia kuzuia mlango. Bi Celeste wa chini anakusalimu. Bado anauza samaki, na mdomo wake bado unasikika mpaka ng'ambo ya mto. Bibi naye hajambo, ila tangu Pasaka amekuwa mtu wa kimya. Supu anaikoroga mpaka inapoa, kisha ananisogezea mimi. Ukimwuliza, anasema ni meno. Meno gani, shangazi, na amebaki nayo matatu?

Haya, sasa kaa kitako, maana naanza kujisifu.

Yule Bi Vernet wako wa ghorofa ya tatu nimempokea Jumatatu iliyopita, kama ulivyoniagiza. Nimemtembeza mji mzima kiasi kwamba viatu vyake vitanisimulia kwa viatu vingine. Nimempandisha mnara wa Clérigos, nikamwingiza kanisa kuu, nikamshusha ngazi za Codeçal nikiwa nimembebea mkoba kama bwana harusi. Kwenye daraja la chuma nikamwambia, "Bibie, hili kalijenga fundi wenu yule wa mnara wa Paris." Akasema hapana, la yule fundi ni lile lingine kule juu, la treni, hili ni la mshirika wake. Nikamjibu, "Bibie, hao walikuwa kama ndugu, walikuwa wakiazimana nyundo." Akacheka mpaka akashika ukingo. Unaona? Darasa la nane nililoliacha halijanidai kitu.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa pale kwenye ukuta wa Roho, tunapowawashia mishumaa waliokufa maji. Nikamwonyesha ile picha ya shaba, nikamwambia jinsi watu walivyokuwa wakikimbilia ng'ambo, daraja la mashua likapasuka chini yao wakazama mamia kwa mamia, wakikimbia majeshi ya Wafar... Hapo nikakumbuka nasema na nani. Nikasema, "Majeshi ya watu fulani." Akaniambia, "Sema tu, kijana. Si mimi niliyewatuma."

Ndipo nikamtolea siri yangu. Nikamwambia, hapa kwetu ipo desturi ya kale: chukua mshumaa mmoja uwakao mbele ya Roho, vuka nao daraja mpaka Gaia ng'ambo bila kuzimika, na lile uliloliomba moyoni utalipata. Nikamchagulia mmoja uliofika nusu. Maskini, akavua kofia yake ya majani, akaukinga, akaenda hatua kwa hatua huku magari yanampigia honi na upepo wa mto unampuliza sketi. Akafika nao unawaka! Akalia kwa furaha, akanikumbatia mbele ya wauza karanga. Kile kipande akakifunga katika leso, akaondoka nacho.

Unajua desturi hiyo ni ya tangu lini? Tangu wiki baada ya Pasaka. Nimeitunga mwenyewe nikiwa na mkate mdomoni. Sasa wageni wananiulizia mimi, na Rogério mwenye beji yake ya kuongozea watalii ananitazama kama amemeza mwiba. Mishumaa yenyewe haina hasara kwa mtu. Wenyewe wameshaiombea na kwenda zao.

Jibu upesi, nione Bi Vernet amenisifu vipi.

Wako,
Ivo, mfalme wa madaraja


Lyon, 14 Mei 1997

Mwanangu Ivo,

Karatasi hii ya kwanza msomee bibi yako kwa sauti, kama siku zote. Ya pili isome peke yako.

Mama, shikamoo. Mimi nipo salama. Goti limepungua kuuma tangu jua lilipotoka, na lifti ya jengo imetengenezwa, hivyo wapangaji wameacha kunigombeza kana kwamba mimi ndiye niliyeiharibu. Jumapili niliimba kanisani, sauti ikanikatika katikati, nikajifanya nakohoa. Nasikia supu unaikoroga tu. Mama, kula. Weka kipande cha soseji, usimwekee Ivo peke yake. Agosti sina hakika kama nitapata ruhusa. Najua nilisema hivyo hivyo mwaka jana. Nakubusu mikono.

(Hapa chukua karatasi ya pili.)

Ivo, Bi Vernet amekusifu. Alinipandisha kwake kunywa kahawa, mimi ambaye miaka kumi na miwili nimeishia mlangoni na barua zake. Akasema una akili, una heshima, na una macho ya baba yako, ingawa hakuwahi kumwona baba yako. Kisha akafungua kabati la vioo, akatoa leso, akanionyesha.

Kipande cha mshumaa. Chini yake umezungushwa uzi wa sufu, wa buluu, mara tatu, ncha imefichwa ndani. Nikamwuliza uzi huo ni wa nini. Akasema hajui, labda nao ni sehemu ya desturi yetu, na akaniomba nimweleze.

Nikamwambia ni desturi nzuri. Ndivyo nilivyosema. Kahawa nilishindwa kuimaliza.

Sitakueleza zaidi. Bibi yako hutoka alfajiri kila Jumatatu, saa ambayo wewe unaikoromea shuka. Jumatatu ijayo amka. Mfuate kwa mbali, usimsaidie kubeba kitu, tazama mikono yake tu. Halafu uniandikie.

Shangazi yako,
Herminia


Porto, 8 Juni 1997

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Utasema nimechelewa. Posta huku wamekuwa wagonjwa, kisha kalamu yangu ikawa mgonjwa, kisha mimi mwenyewe nikapata mafua ya ajabu, yale yanayomshika mtu kila akikaa mezani kuandika. Bi Celeste amepata mizani mpya, na tayari inadanganya kama ile ya zamani. Mtaani wameanza kuning'iniza karatasi za rangi kwa ajili ya Mtakatifu Yohana. Bibi ameshanunua chungu cha mrehani, kimewekwa dirishani, na mimi nakinusa kwa kiganja kama alivyotufundisha, si kwa pua, usije ukanyauka.

Umeona jinsi ninavyozunguka? Hata mimi nimejiona.

Haya. Nilimfuata.

Alikwenda na shali yake nyeusi, mshumaa ameuficha kifuani kama mtoto. Alipofika mbele ya Roho akautoa, akatoa na uzi mfukoni, akauzungusha chini mara tatu, akaficha ncha. Akawasha. Akasema maneno machache, sikuyasikia. Akaugusa ukuta, akarudi nyumbani kukoroga supu.

Shangazi, ule uzi ni wa sweta la baba.

Lile la buluu, la mashua, lililo katika droo ya chini. Miaka yote mimi nikiifungua nalikuta limepungua, nikimtania: "Bibi, nondo wa nyumba hii wana bidii kuliko mimi." Naye anajibu, "Nondo hawana bibi wa kuwalea." Kumbe anafumua. Kila Jumatatu uzi mmoja. Miaka kumi na minne. Limebaki shingo na mikono miwili, na mmoja umebaki nyuzi chache tu begani.

Na mimi ndiye niliyekuwa nachagua. Nawachagulia wageni ule uliosimama vizuri, usiomwagika nta. Bibi hununua mishumaa mizuri. Ndiyo maana mkono wangu ulikuwa ukienda kwake.

Nimeacha. Lakini sikiliza adhabu yangu: desturi imeniacha mimi, haijaacha wao. Rogério sasa anawapeleka makundi mazima, na anaisimulia vizuri kuliko mimi, ameongeza mtawa na binti wa mfua chuma. Jumatatu iliyofuata nikasimama ukutani nikawazuia. Nikapiga kelele kwa Kireno, kwa Kifaransa changu cha kuvunjavunja na kwa mikono: "Uongo huu! Nimeutunga mimi, mwezi wa nne!"

Wakacheka. Mmoja akanipiga picha. Rogério akawaambia, "Msimjali. Vijana wa mtaani hawajui historia ya mji wao."

Mshumaa wa bibi nilikuwa nao mgongoni, nimeufunika kwa mwili. Nikageuka kumjibu Rogério matusi yanayomfaa. Nilipogeuka tena, haupo.

Jioni bibi akaenda kuutazama, kama kawaida yake. Alirudi akaketi na shali begani. Nikamwambia, "Bibi, ni upepo." Akasema, "Upepo gani huo, mwanangu, unaochukua mshumaa mzima na kukwangua nta iliyobaki?" Nikanyamaza. Mimi, shangazi, nikanyamaza!

Baadaye nilimsikia chini kwa Bi Celeste. "Amenikataa, Celeste. Miaka yote alikuwa anapokea, unawaka mpaka chini. Sasa unaondolewa kabla haujaisha." Bi Celeste akamvutia kiti.

Kwa nini baba amkatae mama yake? Mimi nilikuwa na miaka mitatu, najua tu mto ulifurika. Wewe ulikuwapo. Unajua jambo?

Tuyaache hayo. Nitakuwa nalinda mshumaa vizuri zaidi, hakuna haja ya kumsumbua bibi na maelezo. Au unaonaje?

Ivo


Lyon, 15 Juni 1997

Ivo,

Hii yote ni ya kwako. Bibi msomee kwamba nimemsalimu na goti halijambo.

Unaniuliza naonaje. Naona unataka nikuruhusu kunyamaza. Sikuruhusu.

Nitakuambia alichokataa kukuambia mtu yeyote. Asubuhi ile mto ulikuwa umepanda mpaka milangoni kwa Celeste. Mashua ya tajiri wa baba yako ilikuwa inavuta kamba, na kaka yangu Amadeu akasema anakwenda kuifunga upya. Mama akamzuia mlangoni. Akamwambia ile mashua si yake, ana mtoto. Amadeu akamsukuma mkono, si kwa nguvu, akapita. Na mama, kwa hasira ya hofu, akamwambia nyuma yake: "Nenda basi, mto na ukumeze!" Mimi nilikuwa nimekushika wewe. Tulisikia sote, na yeye Amadeu alisikia, maana aligeuka akatutazama.

Neno la mama. Unajua uzito wake bila kufundishwa na darasa la nane. Tangu hapo anamwashia mshumaa, na kila ukiwaka mpaka chini, yeye hupata wiki moja ya kupumua. Hakuna padri aliyempa hilo, amejipa mwenyewe. Na wewe umemnyang'anya kwa ajili ya kofia ya majani ya Bi Vernet.

Nami siko nje ya aibu hii. Nilikwambia kuhusu ruhusa ya Agosti. Ruhusa ninayo. Miaka yote ninayo. Ninachoshindwa ni kuketi meza moja na mama huku sote wawili tunajua neno lile, na hakuna anayelitaja. Kwa hiyo nakutuma wewe mahali nisipothubutu kwenda, nami najua hivyo si sawa.

Jana nilipanda ghorofa ya tatu. Nilivaa gauni la kanisani. Nikamwambia Bi Vernet, "Bibie, ile si desturi. Ule ni mshumaa wa kaka yangu aliyekufa maji, na mtoto wake ndiye aliyekupa." Akalifungua kabati mwenyewe, akanikabidhi kipande kile kwa mikono miwili, akaniomba radhi. Yeye, aombe radhi kwangu! Sijapata kuona haya namna ile, maana kosa lilikuwa la nyumba yangu na radhi ikatoka kwenye kinywa chake. Nikamwuliza aliomba nini alipovuka. Akasema ana mwana ambaye hawajasemeshana tangu wagombane, na aliomba tu siku moja aje kula chakula cha mchana.

Mshumaa uko ndani ya bahasha hii. Mwekee bibi mkononi. Mwambie kwa mdomo wako, usilete utani wa kujifichia. Mwambie Amadeu hajamkataa.

Herminia


Porto, 29 Juni 1997

Kwa Shangazi Herminia,

Shikamoo. Nyumbani tuko salama. Utaona mwenyewe salama ya namna gani.

Barua yako ilifika Ijumaa. Bibi alikuwa anakata kabichi ya supu. Nikaweka kipande kile mezani karibu na kisu. Nilianza kwa utani, nisamehe, mdomo ulitangulia: nikasema, "Bibi, mgeni wako amerudi kutoka Ufaransa bila pasipoti." Hakucheka. Aliushika ule uzi, akauhesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu. Akaketi.

Nikamwambia. Yote, tangu mkate mdomoni. Nikamwambia na Rogério, na jinsi nilivyosema ni upepo. Sauti yangu ilikuwa inatoka kama ya mtu mwingine, mdogo kuliko mimi. Nilingoja kofi. Shangazi, ningelilipia lile kofi.

Akauliza, "Huyo mwanamke aliomba nini?"

Nikamwambia: mwana wake aje kula chakula cha mchana.

"Na alikuja?"

"Shangazi hajaandika."

Akaitikia kwa kichwa. Akainuka akaendelea kukata kabichi. Jumamosi hakunisemesha. Jumapili alikwenda misa na Bi Celeste, na Bi Celeste aliponipita ngazini aliniambia, "Wewe mtoto, ningekuwa mimi ningekupaka magamba nikakuanika." Hilo lilinifariji kidogo. Angalau mtu alinitukana.

Jumatatu ikawa ndiyo mkesha wa Mtakatifu Yohana. Mtaa mzima moshi wa samaki, ngoma, watoto wameshika nyundo zao za plastiki, wazee wameshika maua ya vitunguu saumu. Mchana bibi akaniita. Amelitoa sweta, ameliweka mapajani mwangu.

"Fumua."

Nikafumua. Uzi ulitoka na harufu ya droo. Sikuwa nimewahi kuligusa kwa muda mrefu hivyo. Akaniambia nifunge mwenyewe, mara tatu, nifiche ncha. Nikakosea, akanifungulia, nikafunga tena.

"Sasa utakwenda kusimama nao mpaka uishe. Kofia chini. Na ukiulizwa, usiseme neno. Mdomo wako umeshasema ya kutosha kwa mwaka huu."

Nikasema, "Bibi, leo? Mji mzima uko pale!"

Akasema, "Ndiyo. Leo."

Basi nikasimama. Wewe ni mtoto wa Ribeira, mtaa wetu huu, sihitaji kukueleza. Siku ile kila kichwa ni halali ya kila nyundo, na kilichosimama tuli mbele ya Roho, bila kofia, kilikuwa changu. Watu wakaniona zawadi. Pwi! Pwi! Watoto wa shule niliyoitoroka. Askari. Padri wa mtaa wa pili, tena mara mbili. Wasichana wa mtaa wa Miragaia niliowahi kuwaambia nimepanda tao la daraja kwa mikono mitupu wakanizunguka: "Ivo, leo umemeza ulimi? Tuambie basi ile ya tao!" Mikono yote miwili nilikuwa nimeukinga moto, siwezi kujikinga kichwa. Ua la kitunguu saumu likaingizwa sikioni mwangu na bibi mmoja wa umri wa Bibi, akaniambia, "Pole, mwanangu, sikukuu njema." Nta ikanichoma kidole.

Kisha akaja Rogério na kundi lake. Akaniona. Nikajua sasa ndiyo ananimaliza. Akasita kidogo, akawageukia wageni, akasema, "Na hapa mnaona desturi nyingine ya kale. Katika mkesha huu, kijana mmoja wa kila ukoo husimama kimya na mshumaa, naye hupigwa nyundo kwa ajili ya dhambi za mji."

Wakapiga picha. Wakauliza naitwa nani, Rogério akawaambia jina la mtu mwingine.

Ulimi uliniwasha, shangazi. Uongo wangu ulikuwa umerudi na viatu vipya, nami nimezuiwa hata kuusalimia. Nikatazama moto tu. Nikajiuliza baba alipogeuka akatutazama, alikuwa ameudhika au alikuwa anacheka. Wewe ulimwona. Siku moja utaniambia.

Hakuna aliyeuchukua. Jua lilikuwa bado liko juu ya paa za Gaia moto ulipofika kwenye uzi. Ukanuka sufu, ukafanya kama unapepesa, ukazama katika nta yake mwenyewe.

Nikapanda nyumbani, kichwa kinavuma. Bibi hakuwa sikukuuni. Alikuwa ameketi dirishani karibu na mrehani.

"Umezimika au umeisha?"

"Umeisha, bibi."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu. Mpaka uzi."

Akavuta bakuli lake, lile nililokuwa napewa mimi kila siku, akala. Akala yote. Akafuta bakuli kwa mkate. Akasema, "Chumvi imepungua," akanyoosha bakuli niongeze.

Nilipokuwa nimempa mgongo nikipakua, akasema taratibu, kama mtu anayesema na sufuria: "Nilimwambia neno baya, Ivo. Siku ile."

Nikasema, "Najua, bibi."

Akasema, "Basi na Herminia anajua kuwa unajua." Nikamletea supu.

Jumatatu ya kesho ni zamu yangu tena, na nyingine zote mpaka atakaponiambia. Uongozi wa wageni nimeuweka kando kwanza. Rogério anasema watu wanamwuliza yule kijana wa mshumaa yuko wapi. Nimemwambia aendelee kuwadanganya, mimi nina kazi.

Sweta limebaki shingo na mkono mmoja mzima. Ule mwingine nimeumaliza. Bibi ameukunja huu uliobaki, ameuweka peke yake katika karatasi ya mkate, na ameniagiza nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Huu mwambie Herminia hauguswi na mtu. Agosti ataufumua mwenyewe."

Ivo wa Amadeu